Sabuni ya Ndevu "Tangu 1790" na Mti Usio na Tarehe

Hii stori haikuanza kama historia. Ilianza na vipele.

Mwezi jana nilinyolewa ndevu kavu. Wembe ulikuwa mpya, nilimwona kinyozi akiutoa kwenye karatasi yake, hapo sina lawama. Lakini maji yalikuwa yale ya kunyunyiza tu, povu hakuna, halafu spiriti. Ile spiriti kila mwanaume Kenya hii anaijua. Ukipakwa unaona Somalia na kurudi. (Sawa, mimi naishi Diff, Somalia naiona hata bila spiriti. Lakini umenielewa.)

Siku ya tatu shingo yangu ilikuwa imejaa vipele. Nywele zetu zinajikunja, na nywele inayojikunja ikikatwa kavu karibu sana na ngozi, ile ncha inarudi ndani kama mwiba. Mwili unaona umeingiliwa na adui, unavimba. Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa muda. Ya pili ni kulainisha nywele kabla wembe haujagusa, kwa maji ya moto na povu zito. Harusi ya binamu yangu ilikuwa karibu, na mimi ni mmoja wa wale wa kusimama karibu na bwana harusi kwenye picha. Kwa hiyo nikachagua povu.

Nikaanza kutafuta sabuni ya kunyolea. Si krimu ya tyubu, si ile ya kupulizia. Nilitaka ile ya kizamani, ngumu, inayokaa kwenye bakuli, unaisugua kwa brashi mpaka inaumuka kama maziwa ya ngamia yaliyokamuliwa sasa hivi. Na intaneti ni intaneti: ukiuliza sabuni ya ndevu yenye historia, unapelekwa moja kwa moja kwa wazee wa London.

Hawa wazee wako serious, wallahi. D. R. Harris, duka la dawa la mtaa wa St James's, wanaandika 1790. Truefitt & Hill, vinyozi, wanaandika 1805. Geo. F. Trumper, 1875. Ng'ambo kule Marekani kulikuwa na Williams wa Connecticut, kampuni ya 1840, ambaye sabuni yake ya ndevu ilikaa madukani miaka na miaka. Kila kopo lina neno moja linalorudi: tangu. Tangu mwaka huu, tangu mfalme yule. Unaanza kuhisi kwamba ukijipaka hiyo kitu usoni, unajipaka na mababu wa watu.

Na sitaki mtu anione nina wivu, sabuni zenyewe ni kazi nzuri. Sabuni ya ndevu si sabuni ya kuoga iliyobadilishwa jina. Sabuni ya kuoga hupikwa kwa soda kali, inatoka ngumu. Ya ndevu huongezwa potashi, inayofanya sabuni iwe laini na inywe maji haraka, na asidi ya steariki, ambayo ndiyo inashikilia povu lisianguke. Mafuta ya nazi yanatoa mapovu makubwa ya haraka, ila yanapasuka ukigeuza tu shingo. Steariki inatoa povu dogodogo, zito, la kukaa. Mtu aliyegundua huo mchanganyiko alijua anachofanya.

Shida zangu zilikuwa mbili. Bei, kwanza. Ukijumlisha usafirishaji mpaka Nairobi, halafu basi mpaka huku kwetu, unazungumzia pesa ya mbuzi. Ya pili ni mafuta yenyewe. Steariki nyingi ya kizamani ilitoka kwenye shahamu ya ng'ombe, na sabuni zingine zilitumia ya nguruwe. Ukisoma nyuma ya kopo unaona neno "tallowate" tu, shahamu, bila kuambiwa ni ya mnyama gani wala alichinjwa vipi. Wengine watasema ikishakuwa sabuni imebadilika, si mafuta tena. Mimi si shekhe, sitaingia hapo. Nasema tu nilikuwa na maswali na kopo halikuwa na majibu.

Ayeeyo alinikuta kibarazani nikikodolea simu.

"Unatafuta nini tangu asubuhi?"

"Sabuni ya kunyolea, ayeeyo. Ya zamani."

Akacheka. Akauliza, "Ya zamani kiasi gani?" Halafu akaenda zake kuswali Adhuhuri, akaniacha na hilo swali.

Kwa sababu fikiria. Ile "tangu 1790" ni tarehe ya nini hasa? Ni tarehe ya duka. Mtu alikodi chumba, akaandika jina mlangoni, akaweka daftari la hesabu, na daftari likahifadhiwa. Sabuni yenyewe ni ya kale kuliko hao wote, na ukifuata jina lake unafika mahali pa kuchekesha.

Sisi tunasema sabuni, Wasomali tunasema saabuun, Waarabu sabun, Wafaransa savon. Mzizi unaotajwa wa zamani kabisa ni neno la Kilatini, sapo. Na mwandishi wa Kirumi Pliny Mkubwa, karne ya kwanza, alipolitaja hilo neno hakuwa anazungumzia kuoga wala kunyoa. Aliandika kwamba sapo ni kitu cha watu wa Gaul, Ufaransa ya leo, kilichotengenezwa kwa shahamu na majivu, cha kutia nywele wekundu, na kwamba kwa Wajerumani wanaume walikitumia kuliko wanawake.

Soma tena hiyo. Hilo jina lilipoandikwa na Pliny lilikuwa ni la rangi nyekundu ya nywele za wanaume. Sasa toka nje, hapa Diff, au Garissa sokoni, au Wajir, uhesabu wazee wenye ndevu nyekundu za hina waliokaa kivulini. Hao Wagaul wangefika hapa wangepewa chai na kiti.

Baada ya Warumi, sabuni ya maana ilikuwa ya upande wa Sham. Aleppo walipika mafuta ya zeituni pamoja na mafuta ya mti wanaouita ghar, wakamimina sakafuni, wakakata vipande, wakaviacha vikauke miezi mingi. Nablus, Palestina, walipika yao ya zeituni. Mwaka 2024 UNESCO iliziandika zote mbili, ya Aleppo na ya Nablus, kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kwa Aleppo iliandikwa baada ya vita kuwatawanya mafundi, wengine wakaenda kuanza upya Uturuki. Hapo nilikaa kidogo, kwa sababu sisi watu wa mpakani tunajua ufundi unavyohama usiku ukiwa umebebwa kichwani mwa mtu tu.

Lakini kilichonishika kweli ni Marseille.

Sabuni ya Marseille ni baba wa hizi sabuni za heshima za Ulaya. Mwaka 1688 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alitoa amri kwamba sabuni ya kule ipikwe kwa mafuta ya zeituni matupu. Hiyo ndiyo stori wanayopenda kusimulia mpaka leo: zeituni, jua, bahari. Wanachopitia haraka ni karne ya 19. Viwanda vilikua, zeituni ikawa ghali na haitoshi, wapishi wakaanza kutafuta mafuta mengine. Wakapata simsim. Na simsim waliitafuta mpaka huku kwetu.

Mwaka 1844 Ufaransa ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Zanzibar. Meli za wafanyabiashara wa Marseille zikawa zinakuja kubeba simsim na nazi kavu, mbata, kutoka Zanzibar, kutoka Lamu, kutoka mwambao wa Banadir. Sasa uliza huo simsim ulilimwa na nani. Mashamba ya Malindi, ya bara upande wa Lamu, ya chini ya mto Shabelle, yalilimwa na watumwa. Watu walioletwa kutoka kusini kwa majahazi, wakapewa jembe, na wengine wakatorokea vichaka vya mto Juba wakajenga vijiji vyao wenyewe. Wajukuu wa hao watu wa Juba, vita vya Somalia vilipoanza 1991, ni kati ya waliokimbilia Dadaab. Dadaab haiko mbali na hapa. Nimesoma na watoto wao. Nimecheza mpira nao. Hakuna siku hata moja mwalimu alituambia kwamba babu wa babu yao huenda alilima mafuta ya povu la mzee fulani wa Ufaransa.

Hilo halimo kwenye "tangu". Kopo lina nafasi ya tarehe moja na picha moja, na picha ni ya zeituni.

Halafu kuna Pears, na hapa itabidi tuongee.

Pears unaijua. Ile sabuni unayoona mwanga ndani yake, rangi ya asali, mama yako pengine alikuogesha nayo. Mimi pia. Nilikuwa najua ni sabuni ya watoto. Sikujua mwanzilishi wake, Andrew Pears, alikuwa kinyozi. Alitoka Cornwall akaja London 1789, akafungua kinyozi mtaa wa Soho, na pale kitini akaona nyuso za wateja wake zinavyoharibiwa na sabuni kali na poda za wakati ule. Akaanza kuitakasa sabuni mpaka ikawa inaona upande wa pili. Mwaka unaoandikwa ni 1807. Kinyozi aliyehurumia ngozi ya wateja! Kwa shingo yangu ilivyokuwa, nilimpenda huyu mzee papo hapo.

Mapenzi yalidumu dakika kumi. Nikafungua matangazo yao ya miaka ya baadaye, Andrew akiwa ameshakufa zamani. Mwaka 1887 walitoa picha ya mashujaa wa Sudan, mikuki mkononi, wamesimama mbele ya mwamba ulioandikwa jina la sabuni, wameshangaa kama wameona muujiza. Mwaka 1899 wakatoa lingine, mkuu wa jeshi la maji la Marekani, Dewey, ananawa mikono katika meli, na maandishi yanasema kufundisha usafi ni hatua ya kwanza ya kuupunguza ule mzigo wa mtu mweupe ambao Kipling alikuwa ameutungia shairi mwaka huohuo. Pembeni kwenye kona kuna mtu mweusi amepiga magoti anapokea sabuni.

Yaani wametoka kwenye "nimeona ngozi ya mteja inaumia" mpaka "nyinyi ni wachafu, tunawaletea ustaarabu" ndani ya miaka mia moja. Na huo ujumbe uliuza sana. William Lever, wa Sunlight, yule ambaye kampuni yake baadaye iliinunua hata hiyo Pears, alijenga kijiji kizuri cha wafanyakazi Uingereza kuanzia 1888, Port Sunlight, bustani na kila kitu. Mwaka 1911 akapewa ardhi kubwa Kongo ya Wabelgiji kwa ajili ya mawese, na kule watu walilazimishwa kukata mawese. Kijiji cha bustani kina makumbusho. Upande wa Kongo, watu wachache sana nje ya Kongo wanajua jina Leverville.

Na sisi tuliambiwa wachafu tukaamini. Hapo ndipo nataka kukurudisha kibarazani kwa ayeeyo.

Alirudi kutoka kuswali akiwa na kopo. Akaliweka mapajani mwangu. Ndani, unga wa kijani. Qasil.

Kama wewe si wa huku: qasil ni majani ya mti tunaouita gob. Kwa Kiswahili ni mkunazi, ule wenye matunda madogo, kunazi, watoto wa pwani wanayauza kwa vikombe. Majani yanachumwa, yanakaushwa kivulini, yanatwangwa kwenye kinu, yanachungwa. Ukitia maji na kusugua, yanatoa povu. Wanawake wa Kisomali wanaoshea nywele, wanajipaka usoni na manjano kabla ya harusi. Eastleigh utapata, Garissa utapata, na siku hizi kuna dada zetu wanaiuza mpaka Ulaya ikiwa kwenye vichupa vizuri.

Lile povu linatoka wapi kama hakuna shahamu wala majivu? Majani ya gob yana kitu kinaitwa saponini. Umeona jina? Sapo tena. Wanasayansi walipokuta mimea inayotoa povu wakaipa jina la sabuni, kana kwamba mimea iliiga sabuni.

Na hapa nikapata jibu la kitu kilichonisumbua maisha yangu yote. Maji ya visima vya huku ni magumu, yana chokaa na chumvi. Ukisugua sabuni kwa hayo maji, povu halitoki, unapata utando mweupe unaelea kama maziwa yaliyoharibika. Ni kwa sababu kalsiamu ya maji inaikamata sabuni kabla haijafanya kazi, wanashikana wanakuwa uchafu. Saponini haikamatwi hivyo. Inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo ayeeyo wa ayeeyo wangu hakuwa anatumia majani kwa kukosa sabuni. Kwa maji haya, majani ndiyo yaliyokuwa na akili zaidi.

Ni ya zamani kiasi gani? Kwa Kiarabu mti huu ni sidr, na umetajwa kwenye Qur'ani. Kwenye Sahihi Bukhari kuna hadithi ya Umm Atiyya: binti wa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofariki, wanawake waliambiwa wamwoshe kwa maji na sidr. Hiyo ni karne ya 7. Na mpaka leo, Lamu, Mombasa, huku kwetu, maiti anaoshwa kwa maji ya majani ya mkunazi. Kuna hadithi nyingine ya mtu aliyesilimu, akaambiwa akaoge kwa maji na sidr. Kwa hiyo karne 11 na zaidi kabla ya mtaa wa St James's kupata duka lake, hii ilishakuwa ya kawaida kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuelezewa ni nini.

Nikamuuliza ayeeyo, je, wanaume walinyolea qasil? Akaniangalia kama nimeuliza kama wanaume walikunywa maji. Babu yake alinyolewa kichwa hivyo, akasema, na watoto wachanga pia siku ya saba, ya akika. Maji, qasil kidogo, kisha mandiil, wembe.

Halafu akasema kitu sikukitegemea. Alisema alipokuwa msichana mdogo, miaka ya shifta, kuna wakati hata hayo majani yalikuwa ya ruhusa. Hapa wengine wenu mnahitaji kukumbushwa: kuanzia mwisho wa 1963 mkoa wetu ulikuwa chini ya hali ya hatari, na kufikia 1966 na 1967 serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vya ulinzi. Kutoka ni kwa ruhusa, na ukikutwa nje bila hiyo ruhusa unaweza kupigwa risasi. Mifugo ilikufa. Ayeeyo hakumbuki siasa. Anakumbuka kwamba gob ilikuwa laga, na laga ilikuwa nje ya mstari. Mama yake alikaa muda mrefu bila kuosha nywele vizuri, na hilo lilimwuma kuliko njaa, alisema, kwa sababu njaa alikuwa ameizoea.

Sina la kuongeza hapo.

Basi nikaamua nitajaribu. Nikawapigia binamu zangu, akiwemo bwana harusi mwenyewe, nikawaambia mpango. Walicheka mpaka simu ikakatika. Mmoja akasema, "Buda, hiyo ni ya wasichana na maiti."

Ilinichoma kidogo, lakini ndiyo hali. Sisi vijana tunaiona qasil kama kitu cha jikoni, cha wamama, na tutalipa pesa ya mbuzi kwa kopo la mzee wa London kwa sababu lile ni la kiume, lina picha ya brashi. Wajerumani wa Pliny wangetucheka.

Na wacha niseme na lile lisilosemwa sana. Kwa Kisomali, gob ni jina la mti huu na pia ni neno la mtu wa ukoo wa heshima. Wembe nao ulitoka wapi? Chuma cha makali zamani kilifuliwa na tumaal, wahunzi, watu ambao hao wa ukoo wa heshima walikataa kuwaozea mabinti, na wengine wanakataa mpaka leo. Kila mzee wa ukoo aliyewahi kupendeza siku ya Idi alipendezeshwa na mkono wa mtu ambaye hangemkaribisha kuwa mkwe. Tukiwalaumu Marseille kwa kuficha watu nyuma ya zeituni, tujiangalie pia. Najua nitasemwa kwa hii. Sawa tu.

Matokeo sasa, maana kuna wenye walisoma hii yote kwa sababu ya vipele.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilitumia unga kama ulivyo, na ule unga una punje, ulinikwaruza kama mchanga. Chunga kwa kitambaa chepesi mara mbili. Mara ya pili nililowesha ndevu kwa kitambaa cha maji ya moto dakika kama tatu, nikapaka qasil nzito, nikasubiri kidogo. Povu lake ni jepesi. Halisimami kama la steariki, na kwa joto la Diff linakauka kabla hujafika shavu la pili, lazima uwe na maji karibu. Wembe hauteleza vile ungeteleza kwenye sabuni ya Harris, tuambiane ukweli. Na likiingia jichoni, utajuta. Lakini ngozi haikuwaka. Baadaye badala ya spiriti nikapitisha shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi wa zamani, linabana ngozi na kuzuia damu.

Mara ya tatu nilikwaruza kipande kidogo cha sabuni ya kawaida ndani ya qasil, na nikatumia maji ya mvua tuliyokuwa tumehifadhi badala ya ya kisima. Hiyo ndiyo ilikuwa yenyewe. Povu lilikaa, wembe ukaenda. Nilifuata nywele zinakoelekea, sikurudia mahali pamoja mara mbili. Vipele vilipungua sana. Inaweza kuwa ni maji ya moto tu, au kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani nilinyoa polepole. Siwezi kukuapia kwamba ni mti.

Na mti wenyewe nilienda kuuona. Ayeeyo alinielekeza upande wa laga ambako anasema ilikuwa mingi. Nilikuta gob tatu. Zilizobaki ni visiki. Kati ya 2020 na mwanzo wa 2023 mvua ilikataa misimu mitano mfululizo, na kwenye ukame mti unakatwa majani kulishia mbuzi, unakatwa matawi kwa boma, mwisho unakatwa wenyewe kwa makaa. Sijui nimlaumu nani. Aliyekata alikuwa na mbuzi wanaokufa. Nilichuma kutoka matawi ya chini tu, mfuko mmoja, nikaona aibu hata kwa huo mmoja. Kunazi nilizookota chini nimezipanda kwenye makopo nyuma ya choo, saba. Mbili zimeota. Mbuzi wa jirani ameshaonja moja.

Usiku wa kuamkia harusi, bwana harusi alikuja kimya kimya. Peke yake. Alisema amekuja kuona tu. Shingo yake ilikuwa mbaya kuliko yangu.

Nikampasha maji, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya taa ya sola. Kinyozi hajinyoi, lakini mimi nilikuwa nimeshajinyoa mara tatu, kwa hiyo nilijiamini. Ayeeyo akatoka na kopo lake akasimama pale mlangoni kutusimamia, akinikosoa kila nikipinda mkono. Binamu yangu akalichukua kopo, akaligeuza kwenye mwanga akitafuta jina. Ni kopo la maziwa ya unga, la zamani sana, maandishi yote yamefutika kwa mikono. Kumebaki kitu kimoja tu kilichochapwa chini, tarehe ya mwisho wa matumizi: 1998.

"Ayeeyo," akasema, "hii imeexpaya."

"Kaa kimya," ayeeyo akamwambia, "utakatwa."